Mkristo wa Zanzibar anaogopa nini khasa?

Kila ikikaribia Krismasi au Pasaka inaanza tena ile mada kwenye magrupu ya WhatsApp ya makanisani, kwamba Wakristo wa Visiwani ni waoga, hawashuhudii, wanajifichaficha kama watu wanaodaiwa, na mara nyingi anayeyasema haya yupo zake Dar au Arusha, kakaa mtaa wenye makanisa manne na spika nane, alafu anamlaumu mtu wa Wete, Pemba, kwanini hasimami sokoni akamtangaza Yesu. Mie nnaona mada yenyewe inaanzia pabaya. Kabla hujamwambia mtu aache kuogopa ujue kwanza anaogopa nini, manake hofu ziko namna nyingi na dawa zake hazifanani.

Ipo hofu ya kudhuriwa, na hiyo tusijidanganye, ina tarehe. Mwishoni mwa Mei 2012 makanisa yalichomwa moto hapa Unguja kwenye zile fujo za Uamsho, jumuiya ya mihadhara ya Kiislamu, siku ya Krismasi mwaka huohuo Padri Ambrose Mkenda akapigwa risasi akajeruhiwa, na Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi akauliwa kwa risasi asubuhi akienda kusalisha misa. Septemba ya 2013 Padri mwengine akamwagiwa tindikali mjini. Na tuwe wakweli, Novemba 2012 aliyemwagiwa tindikali alikuwa Sheikh Fadhil Soraga wa ofisi ya Mufti, kwa hiyo anayeisimulia miaka ile kama vita vya Waislamu na Wakristo tu anaacha kipande kikubwa nje. Aliyekuwepo hapa siku zile hahitaji kusimuliwa.

Lakini imepita zaidi ya miaka kumi. Krismasi na Pasaka ni sikukuu za serikali, Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 19 inampa kila mtu uhuru wa dini yake, Minara Miwili, kanisa la Kikatoliki la mjini, watu wanaingia misani mchana kweupe na watalii wanapiga picha nje. Na bado watu wanajificha. Sasa kama anayejificha hatishiwi na mtu, kuna kitu chengine.

Kuna mama mmoja namjua, mzaliwa wa hapahapa, Muanglikana tangu bibi yake. Jumapili akitoka nyumbani anajitanda mtandio, juu yake kanga, Biblia anaiweka chini kabisa ya mkoba na juu yake mfuko mtupu wa sokoni. Daladala anamwambia konda "Darajani hapo", anashuka sokoni, alafu anakata kwa miguu mpaka Mkunazini kwenye kanisa la Waanglikana, ni karibu tu. Akikutana na mtu wa mtaani kwake anaulizwa "Bi mkubwa, sokoni mapema yote hii?" naye anajibu "Ee mwanangu, nawahi samaki." Basi ibada ikisha lazima apite sokoni kweli akanunue samaki, asije kuonekana anarudi mikono mitupu, na saa hizo samaki wazuri washakwisha anaishia kulipa bei ya juu kwa vibua vilivyolegea. Miaka na miaka! Ukimuuliza nani kakutishia atakwambia hakuna. Majirani zake akiumwa wanakuja, mwanawe alipofiwa na mume walijaa uwani mpaka usiku. Anachokiogopa ni ile "Kumbe?" Ile ya mtu mliyekaa naye barazani miaka, mmekopeshana chumvi na vitunguu, siku moja anajua, anasema kumbe, na sauti yake toka siku hiyo inakuwa nyengine kidogo.

Hiyo ndo hofu ninayoizungumzia. Sio panga, ni kuhamishwa kutoka "siye" kwenda "wao" bila mtu kukutukana hata neno moja.

Na huku kwetu kuhamishwa huko kuna njia yake maalum. Ukisema mimi Mkristo swali linalofuata halihusu Mungu wala Yesu wala nini, ni "Aa, basi kwenu bara wapi?" Unamwambia kwetu Mbweni, hapahapa Unguja. "Hapana, asili." Mbweni. "Yaani wazee." Mbweni hukohuko. Anakutazama kama vile unamficha kitu. Kichwani mwa watu wengi hapa Mzanzibari na Muislamu ni kitu kimoja, kwa hiyo ukijitaja Mkristo hujapoteza hoja ya dini, umepoteza uenyeji, na kwenye visiwa hivi uenyeji ni kila kitu, ndo ardhi, ndo kazi, ndo mke, ndo kura. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima na hakuna aliyeulizwa dini, sensa zetu ziliacha kuuliza zamani baada ya ile ya 1967, kwa hiyo anayekutajia idadi kamili ya Wakristo wa Visiwani anakisia. Kwamba ni wachache sana, hilo halihitaji karani wa sensa. Na kwamba wengi wao wametoka bara ni kweli pia. Ila wengi sio wote, na hapo ndo pana stori ambayo hata wenyewe makanisani hatuwafundishi watoto wetu.

Wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walipohamia Unguja mwaka 1864 wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto watano wa kiume waliookolewa kwenye jahazi la watumwa, Sultani Majid ndo aliyempa Askofu Tozer, kiongozi wao. Mmoja wao John Swedi, 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa naye, aliyekuzwa na misheni hukuhuku, akapewa upadri 1890. Soko la watumwa lilifungwa 1873, Askofu Steere aliyemfuata Tozer akajenga kanisa pale pale Mkunazini, na Mbweni kikawa kijiji cha watumwa waliokombolewa, kanisa, skuli, mashamba. Pemba walikuja Marafiki, wale wanaoitwa Quakers, mwaka 1897, ambao ndo mwaka utumwa wenyewe ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba. Sasa watazame watu hawa. Walikuwa hawana baba wala mjomba wala shangazi, ukoo umebaki Unyasa au Uyao huko hawajui hata njia ya kurudi. Ukristo wa Zanzibar ulianza kwa watu ambao hawakuwa na wa kuwatenga! Kanisa halikuwaondoa kwenye ukoo, kanisa ndo lilikuwa ukoo. Mtu wa leo anayeambiwa "mbona wale wazee walikuwa hodari" aambiwe na hilo pia, kwamba yeye ana mama mkwe, ana ami zake, ana mtaa, na wale hawakuwa na cha kupoteza cha namna hiyo.

Nnadhani pia ndo chanzo cha ule mwiko wenyewe. Kwenye mji ambao kila mtu anatafuta asili ya mbali kidogo, dini ya watoto wa jahazi ilikuwa dini ya watu wasio na asili, na doa hilo halijatoka vizuri mpaka leo ingawa hakuna anayelitaja. Kinachonichekesha ni kuwa wapo wanaouliza "asili yako" ambao babu zao walishuka na majahazi kutoka Hadhramaut au Ngazija juzijuzi tu, miaka ya 1920 huko, na hakuna aliyewahi kuwauliza kwenu wapi. Familia za Mbweni zilikuwa hapa karibu nusu karne kabla yao.

Sasa hoja yangu ni hii. Kila Mkristo mzaliwa anayejificha anaithibitisha ile hesabu ya barazani. Wanaoonekana ni wa bara peke yao, askari, mwalimu aliyepangiwa Micheweni, kijana wa hoteli Nungwi au Paje ambaye likizo anapanda boti anarudi kwao, na sisi tunaosema "nnajua" na "hichi" na "skuli" tupo kimya nyuma ya mtandio, basi jirani akisema Mkristo ni mtu wa kuja anasema kweli kwa jinsi alivyoona. Nani alimuonyesha vyengine? Tunalalamika wanatuona wageni huku tukihakikisha hawapati hata mfano mmoja wa kuwakosoa. Simlaumu yule mama wa samaki, ila gharama ya ukimya wake hailipi yeye peke yake, wanailipa na wajukuu zake watakaoulizwa swali lile lile.

Watu wa magrupu wanapenda kutupia Mathayo 10, atakayenikiri mbele ya watu. Mie ningewaomba wasome sura za mbele kidogo, ile ya Petro, kwa utulivu. Usiku uleule mmoja Petro alichomoa upanga mbele ya kundi la watu wenye silaha akamkata mtu sikio. Huyo si muoga wa kudhuriwa. Masaa machache baadae yupo uani, watu wameota moto, na anayemwangusha sio askari, ni kijakazi anauliza tu, na wewe si ulikuwa naye? Yaani alikana barazani! Panga alilimudu, kikao cha maneno kikamshinda. Na walichomkamatia ni lahaja, wakamwambia usemi wako unakutambulisha. Siye kwetu imegeuka, usemi wetu unatuficha, mtu akikusikia unavoongea tu keshakuweka Muislamu wala haulizi, na ukinyamaza hujasema uongo wowote. Ndo maana kwetu kukana ni rahisi kuliko kwa Petro, hata mdomo hufungui.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili manake wachungaji wengine wanaokuja huku wanayachanganya wanatuharibia. Kuitikia salamu sio kukana. Mtu akinambia asalaam aleikum nnamwitikia waaleikum salaam, ni amani kanitakia, nimkunjie uso kwa lipi? Inshaallah na mashaallah tunasema sote, mie mwenyewe nikiudhika wallahi inanitoka mpaka padri ananitazama. Krismasi kuku wangu anachinja jirani Muislamu na sijaona Biblia iliponikataza, nataka wale sote, manake sahani iliyokuja kwangu Idi na biriani hairudi tupu na nikichinja mwenyewe nimewafungia mlango. Mwezi wa Ramadhani sili njiani. Hiyo ni heshima ya mahali, na mtu aliyelelewa hapa haioni hata kama mzigo.

Kukana kunaanza pengine. Kunaanza pale unaulizwa "Ijumaa ile mskitini sikukuona" na unacheka unasema nilibanwa na kazi. Au mwezi wa Ramadhani unajifanya umefunga, unajilegeza na jioni unasimulia njaa ilivyokushika. Kipimo changu ni kimoja tu, nimevaa vazi la mahali au nimevaa sura ya mtu mwengine? Na cha ajabu jirani Muislamu mwenye dini yake vizuri huwa anaudhika na la pili kuliko la kwanza, siku akijua anaona umemchezea ibada yake. Ile "Kumbe?" tunayoiogopa mara nyingi ndani yake hamna chuki ya Ukristo, mna uchungu wa mtu aliyedanganywa miaka minane na rafiki yake. Tungesema mwanzo isingekuwa kumbe.

Siku hizi hata kujificha kumekuwa kwa kisasa. Mtu anaweka stetasi ya Ijumaa Kuu na aya ya Isaya 53, ukitazama settingi zake kawatoa wote wa ofisini na wote wa mtaani, wanaoiona ni watu wa kwaya tu ambao ndo waliomtumia ile picha. Sasa hapo kamshuhudia nani?

Nikae kidogo kwenye ndoa manake ndipo panapouma. Vijana wetu ni wachache, wanasoma na Waislamu, wanafanya kazi na Waislamu, wanapendana, basi. Binti Mkristo anaweza kuolewa na Muislamu na akaachiwa dini yake kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu yenyewe, ingawa familia nyingi zitambana abadili. Kijana wa kiume hana njia hiyo, lazima asilimu. Na wengi wanasilimu kimya kimya, wazazi wanaambiwa baada ya harusi. Mie sina ugomvi na mtu aliyesoma akaamini akahama, huyo kaishi imani yake wazi na nnampa heshima yake. Nna ugomvi na yule anayebadili jina mbele ya mashahidi na Jumapili ya Pasaka anajipenyeza kanisani kiti cha nyuma, kwa sababu huyo kawadanganya watu wa pande zote mbili na mke wake juu. Na sehemu ya lawama ni yetu. Kijana aliyelelewa kuficha dini yake toka darasa la kwanza, anayekaa nje peke yake wakati wenzake wana kipindi cha dini na akirudi nyumbani anaambiwa "nyamaza tu mwanangu usijibishane," atajifunza wapi kusema mimi ni huyu?

Alafu wapo wale ambao maneno yangu yote hapo juu hayawahusu, nayo niyaseme waziwazi. Mtu aliyezaliwa Muislamu akaamini Ukristo. Huyu hapotezi baraza tu. Ndoa inaweza kuvunjika, watoto wakachukuliwa upande wa pili, mirathi ya baba haimhusu tena, mama akifa hajui asimame wapi kwenye mazishi. Tusijifanye hili ni la Zanzibar peke yake, muulize kijana wa Kichagga aliyesilimu akarudi Rombo Desemba kwenye ukoo mzima, atakusimulia. Lakini huku ni zito zaidi kwa sababu ya udogo wa visiwa, hakuna mtaa wa pili wa kukimbilia, Chake mpaka Wete kila mtu anamjua mtoto wa nani. Kumsukuma mtu huyu ajitangaze, wewe ambaye hutalipa hata shilingi ya bili yake, mie nnaita ukatili. Kuna Naamani kwenye 2 Wafalme 5. Jemadari kaamini Mungu wa Israeli, lakini kazi yake ni kumshika mkono mfalme wake akiingia kusujudu nyumba ya Rimoni, mungu wao, na yeye itabidi ainame. Anamwambia Elisha kabisa, hapo Bwana anisamehe. Elisha hakumpa hotuba, alimwambia nenda kwa amani. Sijawahi kusikia mhubiri wa mikutano ya hadhara akiisoma mpaka aya hiyo, wanaishia kwenye kuoga mara saba Yordani.

Na kuhusu mikutano hiyo, wenye kuvusha spika kwa boti waje "kuufungua mji", na wale wa mihadhara ya kukashifiana vitabu, wa kwetu na wa upande wa pili wote sawa, siwaoni kama ni ujasiri. Anakaa siku tatu hotelini, anapiga kelele, anapiga laivu, anarudi bara, na Jumatatu anayeulizwa barazani ni mimi. Kuishi imani wazi mahali hapa ni kazi ya mkaazi. Ni kujulikana, mtaa ukajua fulani Mkristo, na huyohuyo fulani ndo wanamuachia ufunguo wakisafiri kwenda Hija.

Turudi kwa kanisa basi, manake ndo linalodai watu wajitokeze. Tuna kawaida mbaya, akitokea mtu ameamini kutoka familia ya Kiislamu tunamsimamisha mbele wiki ileile atoe ushahidi, mwenye simu anarekodi, klipu usiku ishafika Tanga na Mombasa, na asubuhi ishafika kwa kaka yake. Alafu akifukuzwa nyumbani akaja na begi lake tunaanza kutazamana. Chumba hatuna. Godoro mpaka kamati ikae. Kazi tunamwambia aombe. Wale wamisionari wa zamani tunaowasema kwa mengi, na yapo ya kuwasema, walijua jambo hili: Mbweni hawakuanza na mahubiri tu, waliweka nyumba na skuli na shamba la kulima, kwa sababu mtu asiye na ukoo hata imani yake itakosa pa kulala. Parokia na mitaa yetu ina nyumba, ina viwanja, ina watu wenye mabiashara Darajani na Mwanakwerekwe wanaoweza kumpa mtu kazi ya duka kesho. Anayetaka Mkristo wa Pemba atoke waziwazi aanze kwa kuandika kwenye grupu lile lile anatoa chumba kipi, kwa miezi mingapi, na nani atalipa umeme.